Pedi za breki kwa gari la spoti, mtaani na traki (uwanja wa mbio za magari): maswali yanayoulizwa mara kwa mara (wadau wa Dodoma na kanda ya kati)

Mbukwenyi wadau. Kila mtu akishusha WRX, Evo, Altezza, GT86 au Golf GTI kutoka Japani, wiki ya kwanza anauliza rimu, wiki ya pili muziki, breki anaziulizia siku zimemtisha. Na swali ni lilelile, "niweke pedi gani mkuu?" Nimeyakusanya maswali yote hapa ili nisiwe naandika jibu moja kila siku. Ukisoma kote utaona narudia kitu kimoja tu, pedi inachaguliwa kwa joto itakalofanyia kazi. Jina la kampuni, rangi na bei vinakuja baadae.

Kwani pedi nzuri si ndo ile inayoshika sana?

Sio hivyo. Gari linasimamishwa na tairi kwenye lami, pedi kazi yake ni kuizuia diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi. Kama ukikanyaga kwa nguvu ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) inaanza kugonga mguuni maana yake pedi zako tayari zina nguvu kuliko tairi zako, kwaiyo hata uweke pedi inayong'ata mara mbili ya hiyo gari halitasimama mapema zaidi, litawahisha ABS tu. Ukitaka kusimama mapema hapo nunua tairi, na wengi wenu mnatembea na tairi za mtumba zilizokauka mpaka zina nyufa pembeni alafu mnauliza pedi za mbio.

Tofauti kubwa kati ya pedi na pedi inaonekana pale joto linapopanda. Ya kawaida inashika vizuri ikiwa ya baridi alafu ikipita kiwango chake inalegea, ya mbio inakuwa nzito kuamka ila ikishapata moto inashika vilevile raundi baada ya raundi.

Joto hilo linatoka wapi, mbona mimi nazunguka mjini sioni shida yoyote?

Kwasababu mjini huna spidi. Breki inageuza mwendo kuwa moto, na moto unaongezeka kwa spidi zidisha kwa spidi. Chukua gari la kilo 1,400. Ukiwa 50 ukasimama, breki zinameza kama kilojuli 135. Ukiwa 100 zinameza 540. Ukiwa 200 ni zaidi ya 2,100. Yaani spidi ikiwa mara mbili moto ni mara nne, na traki unafanya hivyo kila kona, dakika 15 au 20 mfululizo, diski haipati muda wa kupumua. Kutoka Kisasa mpaka Majengo diski zako mara nyingi hazifiki hata nyuzi 200, wakati traki kufika 500 au 600 ni kawaida kabisa kwa gari lenye nguvu.

Kingine ambacho watu hawakifikirii, Dodoma tupo juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi kuliko Dar, kwaiyo hata kupoza inapoza kidogo pungufu. Sio sababu ya kubadili pedi, ila ipo.

Pedi zipo za aina ngapi?

Kwa matumizi yetu zigawe hivi. Kuna za ogani, laini, kimya, haziumizi diski, ndo zinafaa gari la kwenda kazini Mtumba, mji wa serikali, na kurudi, ila moto mwingi zinaungua na kutoa harufu. Kuna za seramiki za mtaani, vumbi lake jeupe jeupe halichafui rimu, kelele hakuna, zinadumu, na watu wanazipenda kwasababu neno seramiki linasikika kama kitu cha mbio. Hapana, pedi nyingi za seramiki zimetengenezwa kwa ajili ya utulivu na usafi, usizichanganye na diski za kaboni seramiki za Porsche au Ferrari, hayo ni mambo mengine kabisa. Alafu kuna za chuma nusu, zenye unga wa chuma ndani, hizi zinavumilia joto zaidi, zinang'ata, zinatoa vumbi jeusi na zinaweza kulia asubuhi. Pedi nyingi za spoti za mtaani zipo kwenye kundi hili au jirani yake. Mwisho kabisa ndo za mbio zenyewe, zina chuma na kaboni nyingi, baadhi zinavumilia nyuzi 700 au zaidi, na nyingi mtengenezaji mwenyewe anakwambia sio za barabara za umma.

Zile herufi pembeni ya pedi, FF, GG, zina maana gani?

Ni kipimo cha msuguano cha Kimarekani. Herufi ya kwanza ni pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55, H juu ya hapo. Kwaiyo ukiona FE ujue ikipata moto inapungua nguvu, FF imetulia. Ila angalia, kipimo cha moto kinaishia kama nyuzi 340 hivi, kwaiyo pedi ya GG haimaanishi ni ya traki, traki inaanzia pale kipimo kilipoishia. Kwa mtaani hizo herufi zinasaidia, kwa traki soma jedwali la joto la mtengenezaji.

Kwa pedi za soko la Ulaya tafuta E iliyozungushiwa duara na namba inayoanza na 90R. Hiyo maana yake imepimwa na haipishani sana na pedi iliyokuja na gari, juu wala chini isizidi asilimia 15.

Ipo pedi moja ya kutembelea wiki nzima na kwenda nayo traki wikiendi?

Zipo za katikati na watu wengi wanaridhika nazo. Ferodo DS2500, EBC Yellowstuff, Hawk HP Plus, na Wajapani Endless, Project Mu na Dixcel wana za aina hiyo, na gari ulilotoa Japani usishangae ukifungua tairi ukakuta tayari mwenye gari wa mwanzo alishafunga mojawapo, kwaiyo angalia kabla hujatupa. Ila zote hizo ni maelewano. Zinalia kidogo mtaani, na ukiwa na gari zito lenye tabo (turbo) na tairi za kunata traki utazimaliza, utarudi nyumbani zimebaki bati.

Ushauri wangu mimi: kama traki unaenda mara moja moja na wewe ni mgeni wa mambo hayo, chukua ya katikati, weka mafuta mapya ya breki, endesha raundi chache chache upumzishe gari. Ukishakuwa na spidi mpaka ya katikati inakufa mikononi mwako, acha kutafuta pedi moja. Kuwa na seti mbili. Kubadilisha pedi za kalipa (kile kibanio kinachoshika pedi na kuzisukuma kwenye diski) za pistoni nne, zile unachomoa pini tu pedi inatoka kwa juu, ni kazi ya dakika chache kwa kila tairi, haihitaji hata kushusha kalipa.

Nikifunga za mbio kabisa nikatembelea nazo Dodoma kila siku kuna ubaya gani?

Hapa naomba usikilize vizuri maana ndo watu wanapojidanganya. Mwezi wa saba Dodoma asubuhi kuna baridi la kweli, umetoka na gari Area D saa kumi na mbili na nusu, kona ya kwanza bodaboda anakatiza bila kuangalia, unakanyaga breki ya kwanza ya siku na pedi inayotaka nyuzi 200 ndo iamke. Haishiki kama ulivyozoea. Itashika lakini utakanyaga kwa nguvu zaidi na utasogea mbele zaidi, na zile mita mbili tatu ndo bodaboda mwenyewe yupo.

Alafu pedi ya mbio ikiwa ya baridi inaikwangua diski kama msasa, diski zinakwisha haraka. Kelele ndo usiseme, kila tuta unalia kama daladala bovu na watu wanageuka. Vumbi lake lina chuma, likikaa kwenye rimu likapata maji ya mvua za Januari linashika kutu na linakula rangi. Kwa gari la kwenda kazini ni hasara tupu, hata kama fundi anakwambia ndo zenye nguvu.

Mkuu huku kwetu traki ya kwenda kila wikiendi iko wapi? Hii habari inanihusu vipi?

Inakuhusu kwasababu ya milima. Shuka Nyang'oro ukitokea Iringa kuja Mtera, au shuka Saranda ukitokea Manyoni kuja Bahi, au Kitonga kwa wanaopita njia ya Mikumi, harufu ya breki za malori unaisikia ukiwa umefunga vioo. Hesabu yake ni hii, gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 kwenda chini linatoa nguvu ya kilojuli 1,470 hivi, na kama umeweka gia ya otomatiki kwenye D umekaa na mguu kwenye breki muda wote basi karibu yote inaingia kwenye pedi. Hiyo ni sawa na kusimama kutoka spidi 100 mara mbili na nusu, kwa kila mita 100, na mlima haujaisha.

Dawa ya mlima ni gia. Shusha gia kabla ya mteremko kuanza, injini ilie, breki uwe unakanyaga kwa nguvu muda mfupi alafu unaachia kabisa zipumue, sio kuzigusagusa muda wote. Ukifanya hivyo pedi nzuri ya kawaida inatosha kabisa, na huna haja ya kutumia hela kwenye pedi za mbio.

Kwa wanaosafiri kwenda kufukuza raundi kwenye traki ya kweli kama Kyalami kule Afrika Kusini, yenye karibu kilomita 4.5, hapo ndo pedi za joto kubwa zinapata kazi yake.

Mafuta ya breki nayo yana shida gani, si yanakaa tu kwenye kopo?

Hapa ningependa kila mtu aanzie kabla ya pedi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani taratibu, na yakiwa na maji yanachemka mapema. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, mguu unazama mpaka chini na gari linaendelea na safari. DOT ni daraja la mafuta ya breki. DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishavuta maji yanaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ya mbio kama Motul RBF 600 yakiwa mapya yanapita 300.

Sasa gari lako limetengenezwa 2006, limekaa Japani, limepanda meli, limekaa bandarini, na hujawahi kumwambia fundi abadilishe mafuta ya breki, uliishia kumwambia ajazie. Kubadilisha yote na kutoa hewa ni bei ndogo kuliko seti yoyote ya pedi za maana. Mtaani fanya kila miaka miwili, kwa traki fanya kabla ya kwenda.

Mambo mawili ya kukumbuka. DOT 5 ni silikoni na usiichanganye na hizo nyingine, DOT 5.1 sio DOT 5, ni familia ya DOT 4. Na usikubali mtu akujazie mafuta ya pawastea kwenye kopo la breki, yanavimbisha mipira yote ya mfumo na utanunua kila kitu upya.

Breki zimekufa ghafla, nitajuaje ni pedi au ni mafuta?

Sikiliza mguu. Pedali ikiwa ngumu, imesimama juu, lakini gari halisimami, pedi ndo zimezidiwa na moto. Pedali ikiwa laini inazama, ni mafuta yamechemka au kuna hewa au kuna kuvuja. Kwa zote punguza mwendo kwa gia. Inayozama pampu haraka haraka, inaweza kupanda kidogo. Ya kwanza ikipoa mara nyingi inarudi, ya pili hata ikirudi usiiamini mpaka umebadilisha mafuta.

Pedi mpya zinazoeshwaje? Fundi kaniambia funga uende.

Funga uende hapana. Pedi inafanya kazi vizuri ikishaacha utando mwembamba wa mali yake (ile sehemu inayosugua) juu ya diski, na gundi zilizomo kwenye pedi mpya zikipata moto mkali mara ya kwanza zinatoa gesi, pedi inateleza kwa muda. Kwaiyo tafuta barabara tupu asubuhi, nje ya makazi usije ukapigwa tochi, angalia nyuma hakuna mtu, toka 80 shuka mpaka 20 kwa breki ya wastani, ongeza tena spidi, rudia mara nane mpaka kumi bila kusimama kabisa. Mwisho endesha kama dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Ukisimama na pedi ya moto ukiwa umekanyaga, inaacha muhuri pale pale kwenye diski.

Za mbio zina utaratibu wake mkali zaidi, ufuate ule ulioandikwa kwenye boksi. Na ukihama aina ya pedi kwenye diski zilezile piga msasa kwanza kuondoa utando wa zamani, maana familia mbili tofauti zikigombana hapo juu hakuna inayoshika vizuri. Wenye uwezo wanakuwa na diski za traki peke yake.

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki, fundi anasema diski zimepinda.

Mara nyingi hazijapinda. Ni ule muhuri niliosema juu, utando umekaa vipande vipande, sehemu moja inashika kuliko nyingine. Jaribu kuzizoesha upya kwanza. Isipopona zichongwe, ila angalia unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH, ikishafika hapo ni ya kutupa hata kama fundi anasema bado mpya. Na uso wa habi kama una kutu usafishwe kabla ya kufunga diski, kutu kidogo tu pale inafanya diski iyumbe.

Nibadilishe za mbele tu?

Mbele ndo inafanya kazi kubwa, mara nyingi kama asilimia 70, kwaiyo kwa bajeti ndogo anza mbele. Kamwe usifunge kali nyuma ukaacha laini mbele, nyuma ikitangulia kufunga gari linageuka. Magari kama Golf GTI yanatumia breki kusaidia kona na kudhibiti tairi kuteleza, kwaiyo traki unaweza kukuta pedi zinakwisha haraka kuliko ulivyotegemea na hujui kwanini. Ndo hiyo.

Diski zenye matundu je?

Zinapendeza. Traki matundu yanaanzisha nyufa, wanaokimbia sana wanapenda diski plain au zenye mistari.

Kalipa kubwa za Brembo (kampuni ya breki) zitanisaidia?

Zitasaidia kuvumilia moto, ila zikiwa na pedi mbovu na mafuta ya zamani umenunua rangi nyekundu. Na angalia rimu kama zinaingia.

Feki nazijuaje?

Anza na namba ya chesisi, sio jina la gari. WRX ya kawaida na STI yenye Brembo pedi hazifanani hata umbo, na mtu wa duka akikwambia "Subaru zote sawa" ondoka. Ukiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, mtumie picha ya pedi ya zamani pande zote mbili na namba ya chesisi kabla hujatuma hela.

Pedi ikifika iangalie. Pale mali ya pedi inapokutana na bati la nyuma pawe pameshikana kote, ukiona mwanya au ukucha unaingia irudishe, maana feki ya hatari ni ile inayobanduka bati likabaki peke yake. Kingo zisimomonyoke kwa kidole. Ziwe na namba za kundi zilizochapwa, na pedi za seti moja ziwe na mwonekano mmoja. Boksi zuri lisikuhadae, boksi ndo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Ukikosa OG (orijino) ya spoti kwa uhakika, bora pedi ya kawaida ya Akebono, Advics au TRW ya kweli kuliko "ya mbio" ya mashaka.

Vumbi la huku linaharibu pedi?

Pedi sio sana, linaua pini za kalipa. Vumbi linaingia mpira ukichanika, grisi inakauka, kalipa inakwama, pedi moja inakwisha nyingine bado nzima. Ukiona pedi za tairi moja zimepishana unene, usinunue pedi tena kabla hujafungua pini ukazisafisha na kupaka grisi ya breki, sio ile ya bearingi. Na usipulize vumbi la breki kwa kompresa ukiwa umeinama pale, lioshe.

Zikibaki kiasi gani nibadilishe?

Mtaani zikifika milimita 3 badilisha. Traki usiende na pedi iliyopita nusu, ikiwa nyembamba moto unapita moja kwa moja kwenda kwenye pistoni na kwenye mafuta, na raundi chache zinatosha kuimaliza. Beba seti ya akiba.

Siku yenyewe ya traki nifanyeje?

Raundi ya kwanza pole pole zipate moto. Baada ya hapo kanyaga kwa nguvu muda mfupi kisha achia, usizikokote. Pedali ikianza kwenda chini kuliko raundi iliyopita, ingia ndani, usingoje ithibitishe. Raundi ya mwisho endesha bila breki kadri unavyoweza zipoe, ukiegesha usivute hendibreki, weka gia na kigingi kwenye tairi. Zikipoa chungulia unene, angalia diski kama zina nyufa zilizofika ukingoni, kaza nati za tairi, alafu kama umekuja na pedi za mtaani kwenye buti zirudishe kabla ya kushika barabara ya nyumbani.